Maldivi au Shelisheli? Mimi nataka bahari, mume wangu hajui kuogelea

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tunapanga mapumziko ya kuadhimisha ndoa yetu, wawili tu, bila watoto na bila simu za kazini. Hela tumeitenga kwa ajili ya jambo hili, na tungependa mahali pa hadhi ya juu kweli, maana safari ya namna hii hatutairudia karibuni. Tumechuja visiwa vingi mpaka vikabaki vya nchi mbili: Maldivi na Shelisheli. Hapo ndipo tumekwama.

Niwaeleze tulivyo ili mnishauri vizuri. Mimi ni mtu wa maji. Nikipewa miwani na mrija wa kupumulia, nitakaa baharini mpaka niitwe. Mume wangu hajui kuogelea na hana mpango wa kujifunza sasa. Anapenda kutembea, kupanda vilima, kula chakula cha wenyeji na kupiga stori na watu. Akikaa mahali pamoja siku mbili anaanza kuulizia jirani kuna nini.

Nilichokusanya mpaka sasa: Maldivi ni visiwa karibu 1,200, vyote vya matumbawe, vimepangwa katika atoli 26 (mizunguko ya miamba ya matumbawe) kutoka kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 800, na ni bapa kabisa, sehemu kubwa ya nchi haifiki hata mita mbili juu ya usawa wa bahari. Shelisheli ni visiwa 115. Vile vikuu ni vya mawe ya matale, vina milima na misitu, na kilele cha Morne Seychellois pale Mahé, kisiwa kikuu, kina mita 905. Picha nimeangalia za kutosha. Kila picha ni nzuri na hakuna hata moja inayonisaidia kuamua.

Wenye kuvijua visiwa hivi naomba mniambie: nikiweka pesa yangu pale, nitapata nini hasa, na nini sitakipata? Muda ni kama usiku saba. Mwezi tunaweza kuuchagua.

Naomba kuwasilisha.

#2 Baharia

Dada, umeuliza vizuri kuliko wengi. Nianze na Maldivi, kwa sababu watu huilipia bila kujua wanalipia nini.

Utalii wa Maldivi ulianza mwaka 1972 na risoti ya Kurumba, na tangu hapo utaratibu ni kisiwa kimoja, risoti moja. Maana yake ni kwamba hoteli yako ndiyo kisiwa chako. Mgahawa, duka, boti, daktari, ufukwe, vyote ni vya hoteli hiyo. Jioni huwezi kusema leo tutoke tukale kwingine, hakuna kwingine. Kisiwa chenyewe mara nyingi unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Kwa anayetaka kutulia ni raha isiyo na mfano: unavua viatu siku ya kwanza, unavivaa siku ya kuondoka. Kwa mtu wa aina ya shemeji, mimi ningefikiria mara mbili.

Jambo la pili ni kufika. Ndege kubwa inatua uwanja wa Velana, ulio kwenye kisiwa cha Hulhulé, jirani na mji mkuu, Malé. Kutoka hapo unakwenda risoti kwa boti ya kasi kama iko karibu, ama kwa ndege ya majini kama iko mbali. Ndege za majini haziruki usiku, zinahitaji mwanga wa jua. Ukitua baada ya saa tisa na nusu alasiri hivi, kuna uwezekano mkubwa ukalala Malé au Hulhumalé na usiku wako wa kwanza wa anasa ukaishia hoteli ya kawaida ya mjini, huku chumba cha risoti ulichokilipia kinakusubiri. Hivyo hivyo siku ya kurudi, kama ndege yako inaondoka alfajiri. Kwa hiyo kabla hujaipenda risoti, tazama tiketi yako inatua saa ngapi. Ikitua usiku, chagua risoti ya atoli ya Malé Kaskazini au Malé Kusini, ambako boti inafika hata gizani.

Na mizigo: ndege hizo kwa kawaida zinaruhusu kilo 20 za begi na kilo 5 za mkononi. Nauli ya kwenda na kurudi ni dola mia kadhaa kwa kila mtu na mara nyingi haimo kwenye bei ya chumba unayoiona mwanzoni. Uliza kwanza.

Pamoja na yote hayo, ile safari ya ndege ya majini ni kitu cha kuona. Inaruka chini chini, unaziona atoli moja baada ya nyingine, maji yanabadilika kutoka buluu nzito hadi kijani cheupe. Nimekaa baharini miaka mingi, na sijui namna nyingine ya kuiona bahari hivyo.

#3 Mama Watatu

Mimi nasimama upande wa Shelisheli na sitayumba.

Dada, kwa jinsi ulivyomweleza mumeo, umeshajijibu. Shelisheli ni nchi unayoizunguka. Mahé kuna mji wa Victoria, soko lake la samaki na matunda, barabara za milimani, njia za kutembea msituni. Kutoka hapo unapanda feri kama saa moja hivi mpaka Praslin, au ndege ndogo ya dakika kumi na tano. Kutoka Praslin hadi La Digue ni feri nyingine ya robo saa. La Digue magari ni machache, watu wanatembea kwa baiskeli. Unakodi yako asubuhi, unaweka taulo kwenye kikapu, mnapotea ninyi wawili mpaka jioni.

Fukwe zote ni za umma kisheria, hata zile zilizo mbele ya hoteli ghali. Anse Georgette, kwa mfano, iko ndani ya eneo la risoti ya Constance Lemuria pale Praslin, lakini ukijiandikisha mapema unaingia kwa miguu na kuogelea pale pale wanapoogelea wageni wao. Anse Source d'Argent ya La Digue, ile yenye mawe makubwa ya mviringo unayoiona kwenye picha zote, unaifikia kupitia shamba la L'Union na kuna kiingilio. Mawe yale yana miaka kama milioni 750. Ni kipande cha bara la kale lililopasuka, India ikaenda zake, Madagaska ikabaki, na visiwa hivi vikaachwa katikati ya bahari. Ndiyo maana havifanani na Maldivi hata kidogo: vile vimejengwa na viumbe wa bahari juu ya milima ya volkano iliyozama, hivi ni ardhi ya bara kabisa.

Halafu kuna Vallée de Mai. Ni msitu mdogo wa Praslin ulioingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1983, na humo ndimo unapoiona minazi ya coco de mer ikiota yenyewe. Mbegu yake ndiyo kubwa na nzito kuliko mbegu zote duniani, inaweza kuzidi kilo 20. Makuti yake ni mapana kiasi kwamba upepo ukivuma juu unasikia sauti ya mbao zinazogongana, na chini kuna kiza cha kijani mchana kweupe. Mumeo hatauliza jirani kuna nini.

Na chakula! Mchuzi wa pweza kwa nazi, samaki wa kuchoma, shelisheli la kukaanga. Unakula kwa mama wa pale pale, na anakusimulia habari za kisiwa kwa Krioli, Kiingereza au Kifaransa, lolote mtakaloelewana.

#4 Mgeni Mpya

Mama Watatu, naheshimu hoja yako, lakini dada amesema anataka hadhi ya juu. Je, Shelisheli inaweza kushindana na zile vila za juu ya maji? Mke wangu akisikia kisiwa cha kifahari anaona ngazi inayoshuka kutoka kitandani moja kwa moja hadi baharini.

#5 Mama Watatu

Kwa ngazi ya kutoka kitandani hadi baharini, nenda Maldivi, sibishani. Hapo wao ndio mabingwa. Anasa ya Shelisheli ina sura nyingine: vila imening'inia mlimani kati ya mawe, ina bwawa lake dogo, na chini yako ufukwe. Ndivyo ilivyo Four Seasons ya Petite Anse pale Mahé, au Six Senses kwenye kisiwa cha Félicité. Na ukitaka kisiwa kizima chenye vila chache tu, ipo North Island, ambako mwanamfalme William na Kate walikwenda fungate mwaka 2011. Kwa hiyo hadhi ipo ya kutosha. Tofauti ni kwamba ukiichoka hoteli unaweza kutoka.

#6 Mtu wa Pepo

Mmeongea yote mkasahau upepo, na upepo ndio unaoamua likizo ya kisiwani.

Tuchukue mwezi mmoja mmoja. Januari: Maldivi iko katika kaskazi, kavu, bahari imelala, na bei ziko juu kabisa. Shelisheli mwezi huo huo inapata mvua zake kubwa. Pepo zikishavuka ikweta zinageuka na kuvuma kutoka kaskazini-magharibi, hewa inakuwa nzito, na Desemba na Januari ndiyo miezi yenye maji mengi. Si kwamba mvua inanyesha kutwa, lakini ukipanga usiku saba unaweza kupata tatu za mawingu.

Julai mambo yanageuka. Maldivi inapigwa na upepo wa kusini-magharibi, mvua na mawimbi, bei zinashuka. Shelisheli iko kwenye kusi: kavu, hewa nzuri ya kutembea milimani, lakini bahari inachafuka pande zinazotazama kusini-mashariki, na feri ya Praslin inarusha watu. Hapa ndipo wageni wanapokosea. Shelisheli swali si ufukwe gani mzuri, ni ufukwe gani mzuri mwezi huu. Beau Vallon ya Mahé na Anse Lazio ya Praslin zinatulia wakati wa kusi kwa sababu zimejificha nyuma ya kisiwa. Ukija kaskazi ndizo zinazopata mawimbi. Grand Anse na Petite Anse za La Digue ni nzuri mno kwa macho, lakini wakati wa kusi mkondo wake unaua watu wanaojua kuogelea, sembuse asiyejua. Kuna vibao. Viheshimuni.

Muda bora wa Shelisheli ni malelezi, pale upepo mmoja umeondoka na mwingine haujafika: Aprili mpaka Mei mwanzoni, kisha Oktoba na Novemba. Bahari inakuwa shwari pande zote na maji yanaonekana mpaka chini. Maldivi ni Januari mpaka Aprili, na Februari na Machi ndiyo kilele cha utulivu.

Kwa vile mwezi mnauchagua, chagueni nchi kwanza, mwezi utafuata wenyewe. Asiyeweza kuchagua mwezi, na afanye kinyume chake.

#7 Mhasibu

Naomba niingie kwenye bei, kwa sababu hapa watu wanalinganisha bei ya chumba na bei ya chumba, na huo si ulinganisho.

Maldivi risoti hutoza kwa dola za Marekani. Ukiona bei imeandikwa na alama mbili za kujumlisha pembeni, maana yake bado kuna ada ya huduma ya asilimia 10 na kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17. Kodi inapigwa juu ya bei pamoja na ada ya huduma. Kwa hiyo sahani ya dola 100 inakuwa 110, halafu inakuwa dola 128.70. Kila juisi na kila safari ya boti inafuata hesabu hiyo hiyo. Juu yake kuna kodi ya mazingira, ambayo tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa mtu kwa usiku kwenye risoti. Watu wawili, usiku saba: dola 168.

Shelisheli ina tozo yake ya mazingira tangu Agosti 2023, rupia 25, 75 au 100 kwa mtu kwa usiku kulingana na ukubwa wa hoteli. Hoteli kubwa, watu wawili, usiku saba: rupia 1,400. Chakula cha hotelini pale nacho ni ghali, tusidanganyane. Ila mnaweza kulala hoteli ya kifahari mkala mchana kwenye kibanda cha barabarani. Maldivi risotini hamna njia hiyo, kwa hiyo kule kifurushi chenye milo yote si anasa, ni ulinzi wa mfuko. Ukikuta ofa ya chumba na kifungua kinywa pekee kwa bei ya kuvutia, piga hesabu ya chakula cha mchana na cha usiku kwa siku zote kabla hujafurahi.

Kwa mpango wa dada, sina hakika kama nchi moja ni rahisi kuliko nyingine. Ninachokiona ni kwamba Maldivi gharama inajulikana mapema ukinunua kifurushi kizima, na Shelisheli gharama inatawanyika: feri, teksi au gari la kukodi, viingilio, milo. Wanaopenda kujua jumla kabla ya kuondoka wataona amani zaidi Maldivi.

#8 Mleta uzi

Asanteni sana wakuu, nondo zimeshuka. Hoja ya ndege za majini sikuwa naijua kabisa, na ya upepo pia.

Maswali mawili. Kwanza, upande wangu mimi: chini ya maji ni wapi kuna zaidi? Nisije nikamfurahisha mume wangu nikajikuta nimeenda kuangalia mchanga. Pili, tunaswali na hatutumii pombe. Hilo linabadilisha chochote?

#9 Mzamiaji

Chini ya maji nakujibu bila kupepesa: Maldivi. Na si kidogo.

Sababu iko kwenye maumbile yake. Atoli ni mzunguko wa miamba uliopasuliwa na mikondo. Bahari kuu inaingia na kutoka kwenye mipasuko hiyo kila maji yanapojaa na kupwa, ikibeba chakula, na samaki wakubwa wanajua pa kusubiri. Kwenye atoli ya Ari Kusini papa potwe wanaonekana mwaka mzima. Kwenye ghuba ya Hanifaru, atoli ya Baa, taa wakubwa aina ya manta wanakusanyika kati ya Mei na Novemba, wanazunguka midomo wazi wakichuja vijidudu vya bahari. Eneo la Baa ni hifadhi ya viumbe hai ya UNESCO tangu 2011, na pale Hanifaru mitungi ya hewa hairuhusiwi, ni miwani na mrija tu. Kwako wewe hiyo ni habari njema. Angalia pia miezi yake: ni ile ile ambayo Mtu wa Pepo ameiita ya mvua. Wapenda manta huenda wakati wengine wanakimbia.

Lakini sikiliza hili kwa makini. Si kila risoti ya Maldivi ina mwamba wa kuogelea kutoka ufukweni. Nyingine zimezungukwa na maji mapana ya kina kifupi, mchanga mtupu, mazuri kwa picha, na ili uone samaki unalipia boti kila siku. Waandikie uwaulize: mwamba uko umbali gani kutoka ufukweni, naingia kwa wapi, na mkondo ukoje? Wakijibu kwa maneno ya jumla, ruka.

Na nchi zote mbili zimeumia. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana Maldivi na Shelisheli pia, yakaanza kurudi, likaja la 2016. Inaniuma kuona mtu anasimama na mapezi yake juu ya tumbawe lililoanza kupona. Tafadhali ukienda usiguse, usisimame, na vaa fulana ya kuogelea badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua.

Shelisheli nayo si jangwa. Kisiwa kidogo cha Coco jirani na La Digue, mawe ya St. Pierre karibu na Praslin, hifadhi ya Sainte Anne mbele ya Victoria: utaona kasa, kasuku wa bahari, na taa wenye madoa ukibahatika. Ila kitu kinachonifanya niipende Shelisheli kiko nje ya maji. Kasa ng'amba, ambao sehemu nyingi duniani hutaga usiku, kule wanapanda ufukweni mchana, kati ya Oktoba na Februari hivi. Mumeo asiyejua kuogelea anaweza kukaa kivulini, kwa umbali wa heshima, akamwona kasa anachimba na kutaga mbele ya macho yake. Na kwenye kisiwa cha Curieuse, jirani na Praslin, kuna kobe wakubwa wanaotembea huru.

#10 Binti Bahari

Kwa swali la pili, dada yangu. Maldivi ni nchi ya Kiislamu. Chakula ni halali, na kwenye visiwa wanakoishi wenyeji unasikia adhana na msikiti uko karibu. Pombe hairuhusiwi kuingizwa nchini. Ukija nayo inashikiliwa uwanjani mpaka uondoke. Lakini kwenye risoti inauzwa kwa wageni, na nguo za kuogelea pale ni zozote. Kwa hiyo usidhani risoti itakuwa na mazingira ya kidini kwa sababu nchi ni ya Kiislamu. Nafuu kubwa ni faragha: vila yenye bwawa lake na ukuta, unaogelea bila kuonwa na mtu. Kwa mwanamke anayejistiri hiyo ni neema kweli.

Nyumba za wageni kwenye visiwa vya wenyeji, kama Maafushi, ziliruhusiwa miaka kumi na tano hivi iliyopita. Ni nafuu, na mumeo angepata watu wa kuongea nao, ila si anasa mnayoitafuta. Mnaweza kuchanganya: usiku mbili kwa wenyeji, uliobaki risoti. Na kama yupo anayetumia sigara za kielektroniki, aziache nyumbani, zimepigwa marufuku hata kwa mgeni.

Shelisheli wengi ni Wakatoliki, Waislamu ni wachache lakini msikiti upo Victoria. Samaki ni wengi, kwa hiyo hamtakosa chakula. Nyama waandikieni hoteli mapema.

Viza zote mbili si tatizo. Maldivi wanatoa siku 30 ukifika, bure, na kuna fomu ya mtandaoni unayoijaza ndani ya saa 96 kabla ya safari. Shelisheli hawana viza lakini lazima uombe kibali cha kusafiri mtandaoni na kukilipia kabla hujapanda ndege. Mkitokea nchi yenye homa ya manjano, cheti cha chanjo kiwe mkononi, kwa nchi zote mbili.

#11 Mgeni Mpya

Kwa nini asiunganishe zote? Usiku tano huku, tano kule. Zote ziko bahari moja.

#12 Baharia

Ni bahari moja, lakini kati ya Malé na Mahé kuna zaidi ya kilomita 2,000, na mara nyingi utajikuta unapitia uwanja wa nchi ya tatu, pengine kaskazini kabisa huko nchi za Ghuba ya Uajemi. Ukijumlisha na boti, feri na ndege za majini, kwa usiku kumi utapoteza karibu siku mbili viwanjani. Kwa mapumziko ya ndoa siwashauri.

Dada, nimebaki na hoja moja dhidi ya Mama Watatu. Watu wasiotulia hubadilika wakifika mahali pasipo na pa kwenda. Nimewaona wanaume wa namna hiyo kwenye visiwa vya Maldivi: siku ya pili wanahangaika, siku ya nne wanavua samaki machweo na wahudumu na hawataki kurudi. Usimwamulie kwa tabia ya nyumbani. Muulize mwenyewe anachoka na nini. Kama anachoka na kazi, Maldivi itamponya. Kama anachoka na kukaa, itamtesa.

Na maji yasimtishe. Vila ya juu ya maji mara nyingi iko kwenye kina kifupi, na fulana za kuelea zipo. Ila ngazi na sakafu zinateleza, na usiku chini ni giza, kwa hiyo asiyejua kuogelea ningempa vila ya ufukweni.

#13 Mleta uzi

Nimemsomea uzi wote jana usiku, kisha nikamuuliza lile swali la Baharia neno kwa neno. Akajibu: "Kazi siichoki. Nachoka kukaa."

Kwa hiyo tunakwenda Shelisheli, mwishoni mwa Oktoba, ili tupate malelezi na kasa ng'amba. Usiku mbili Mahé, tatu Praslin, mbili La Digue. Nitaweka fedha kubwa kwenye hoteli ya Praslin tu, iwe na vila yenye bwawa, na kwingine tulale pazuri pa kawaida. Mimi nitapanda boti ya kwenda Coco na St. Pierre. Maldivi naiacha kwa ajili yangu, miezi ya manta, na dada yangu ambaye naye ni mtu wa maji. Kama mpangilio huu una kasoro niambieni kabla sijalipa.

#14 Mama Watatu

Kasoro ni moja: usimalizie La Digue. Kutoka kule mpaka uwanja wa ndege ni feri mbili, na ratiba ikivurugika siku ya kuondoka mtaikosa ndege. Mkitua Mahé, vukeni siku hiyo hiyo kama mmefika asubuhi, anzeni La Digue, mje Praslin, na zile usiku mbili za Mahé ziwe mwisho. Tiketi za feri nunua mapema, viti vinajaa.

Pale Source d'Argent tazameni jedwali la maji. Yakijaa sana mchanga unabaki kidogo, yakipwa sana hayafiki magotini. Katikati ndiyo saa yenu, na kwa kuwa mwamba unakinga mawimbi, mumeo anaweza kuingia na kukaa majini bila wasiwasi. Pale Praslin, Anse Volbert nayo ina kina kifupi na imetulia.

Na mkitaka kununua mbegu ya coco de mer, nunueni yenye muhuri na karatasi yake ya kibali. Bila hiyo wataichukua uwanjani.